Inchi Mbili

Baba hakunigombeza. Angenigombeza, pengine nisingeandika haya. Alinipigia simu saa mbili usiku, akaniambia, "Landi imenitetemekea njiani. Iko nyumbani sasa. Ukipata nafasi, kuja uiangalie." Halafu akauliza kama nimekula.

Mengine niliyasikia kwa dada yangu, kwa sauti alizonirekodia WhatsApp, tatu mfululizo. Walikuwa wanatoka Marsabit kurudi Isiolo, yeye ameketi mbele na mtoto wake wa miezi saba. Walikuwa wameshapita Merille, lami nzuri, baba anaenda kama themanini na tano. Gurudumu la mbele likagonga ukingo pale lami inapokutana na daraja dogo. Usukani ukaanza kutikisika. Haikuwa kutetemeka kwa gari zee. Usukani ulikuwa unapiga kushoto na kulia kwa nguvu mpaka mikono ya baba ikawa haionekani vizuri, dashibodi nzima inaruka, chupa ya maziwa ya mtoto imeanguka chini. Dada alidhani ekseli imekatika. Baba hakukanyaga breki. Alitoa mguu kwenye mafuta, akaushika usukani bila kushindana nao, akaliacha gari lipoe lenyewe mpaka likafika arobaini hivi, na kila kitu kikatulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Akashuka, akazunguka gari mara moja, akanywa maji, akaendesha kwa hamsini mpaka nyumbani.

Usiku huo sikulala. Mimi ndiye niliyeinua lile gari.

Ni Land Rover Defender 110, injini ya 300Tdi, ya dizeli. Baba aliliendesha kwa miaka kumi na mitano akiwa dereva wa mwajiri wake, na walipoamua kuliuza alilinunua kwa pesa zake za kustaafu. Kwetu lile si gari tu. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye usukani wake. Siku hizi baba hulikodisha, yeye mwenyewe akiwa dereva: watafiti, wapiga picha, watu wanaotaka kufika Loiyangalani kuona Ziwa Turkana. Safari mbili kwa mwezi zikipatikana, nyumba inasimama.

Desemba ile nilikuwa nimepata pesa. Kazi yangu ni kuandika. Niliacha chuo mwaka wa tatu, uhandisi wa mitambo, nikiwa na deni la karo ambalo sikumwambia mtu ukubwa wake, na tangu hapo nimekuwa naandika chochote kinacholipa. Kwa muda mrefu kilicholipa ni kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Nimesaidia watu kupata digrii ambayo mimi mwenyewe sina, na nikisema hivyo watu hucheka, nami hucheka nao. Basi, mteja mmoja alilipa vizuri, nami nikaenda nyumbani Krismasi na zawadi: springi za inchi mbili juu ya zile za kawaida, shokamzoba ndefu, na matairi ya inchi thelathini na tatu. Nikazifunga mwenyewe na kijana mmoja wa gereji, kwa siku mbili.

Nikiri ukweli. Sikuinua gari kwa sababu baba alihitaji. Niliinua kwa sababu nilikuwa nimetazama sana picha za Rhino Charge, yale mashindano yaliyoanza mwaka wa 1989 ya kuchangisha pesa za Rhino Ark, zilizosaidia kujenga ua wa Aberdare. Kule anayeshinda si mwenye kasi, ni anayefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, kwa hivyo magari hupanda mawe na kukata mabonde. Ni magari mazuri, marefu, yenye hasira. Nilichosahau ni kwamba hayajengwi kwa ajili ya mtoto wa miezi saba akiwa lami kwa themanini na tano. Nilipiga picha ya Landi ikiwa imesimama juu ya matairi yale, nikaipost, na mabeshte wakaniandikia, "Ndai imeiva." Springi za zamani niliziuza kwa jamaa wa vyuma chakavu, elfu sita.

Sasa nieleze nilichoharibu, maana nilipaswa kukijua.

Umewahi kuendesha baiskeli ya Black Mamba bila kushika usukani? Inaenda tu, imenyooka. Sababu moja ni kwamba uma wa mbele umeinama nyuma. Ukichora mstari kufuata mwinamo ule mpaka chini, unagusa barabara mbele kidogo ya mahali tairi linapoikanyaga. Tairi basi linaburutwa nyuma ya mstari huo, na kitu kinachoburutwa hupenda kunyooka. Kwenye gari mwinamo huo unaitwa kasta. Defender ina nyuzi chache tu za kasta, kama tatu hivi, na hizo chache ndizo hurudisha usukani katikati ukishamaliza kona.

Ekseli ya mbele ya Defender imeshikwa na mikono miwili mirefu inayorudi nyuma mpaka kwenye chasisi. Ukiinua mwili wa gari, ncha ya nyuma ya mikono ile inapanda nao huku ekseli ikibaki chini. Ekseli inageuka, kichwa chake kinaelekea mbele, na kasta inapungua. Inchi mbili zinatosha kula sehemu kubwa yake. Gari linaanza kutangatanga barabarani, na dereva anakuwa wa kulirekebisha kila sekunde. Ongeza matairi makubwa na mazito yenye nguvu ya kuvuta kila kiungo. Ongeza viungo vilivyozeeka. Siku moja unagonga kitu kidogo, mtikisiko mmoja unauzaa mwingine, na hakuna cha kuuzima. Wenye Jeep kule Marekani wameupa jina: mtetemeko wa kifo.

Nilifundishwa haya. Si juu ya Land Rover, lakini mikono, viungo, pembe, mizunguko, yote nilichora kwenye karatasi na nikapata alama nzuri. Kisha nikafunga springi kama mtu anayevaa viatu vipya.

Kabla ya kwenda Isiolo nilipita Kirinyaga Road, ile ambayo wengi bado wanaiita Grogan. Nilikuwa na shilingi elfu themanini na tano kwenye akaunti. Hizo zilikuwa na kazi yake. Nilikuwa nimeziweka kwa miezi kumi na moja nikifikiria kurudi chuo, kulipa sehemu ya lile deni, kuomba nirejeshwe. Sikuwa nimemwambia mtu.

Duka la kwanza, kijana hakuniacha nimalize sentensi. "Buda, weka dampa kubwa ya stelingi. Elfu tisa. Hiyo kutetemeka utasahau." Dampa ni kama shokamzoba iliyolazwa, inazuia usukani kupiga haraka. Ilikuwa nyekundu, inang'aa, na nakiri nilitaka kuinunua. Mtu mwenye hatia hupenda dawa ya haraka.

Duka la pili walitaka kuniuzia mkono wa boksi ya stelingi ulioshushwa, ule unaoning'inia kutoka kwenye boksi na kusukuma rodi. Hoja yao: gari limepanda, rodi imekuwa na mteremko mkali, basi ushushe mkono, rodi irudi kulala. Inaingia akilini mpaka ukumbuke rodi ya Panhard, ile inayozuia ekseli isiteleze kushoto na kulia. Kwenye Defender rodi hizi mbili zinakaa karibu sambamba, na kukaa sambamba ndiyo siri yenyewe. Gurudumu likipanda tuta, zote mbili zinapita kwenye njia zinazofanana, na usukani haujui kitu. Ukishusha moja ukaacha nyingine, kila tuta litajaribu kukata kona kwa niaba yako. Kwa barabara za kwetu hiyo ni kazi ya kutwa nzima. Isitoshe, mkono mrefu zaidi unaitesa boksi.

Rafiki yangu mmoja mwenye gari la mashindano alinishauri nipite haya yote niweke haidroliki: silinda inayosukuma ekseli moja kwa moja, pampu kubwa, mabomba. "Unageuza tairi la thelathini na saba kwenye jiwe kwa kidole kimoja," aliniambia. Namwamini. Lakini baba hageuzi matairi kwenye mawe kwa kidole kimoja. Yeye huenda Loiyangalani na watu wanne na mapipa ya maji. Bomba likipasuka karibu na South Horr, fundi wa haidroliki yuko wapi? Na kuna mifumo inayoondoa kabisa chuma kati ya usukani na gurudumu, kinabaki mafuta tu. Kwa gari la lami na mtoto ndani, sikutaka hata kufikiria.

Nikaondoka Grogan mikono mitupu, nikapanda matatu ya Isiolo.

Asubuhi baba alinikuta nimelala chini ya Landi na tochi ya simu. Akasimama. Niliona viatu vyake tu.

"Umeona nini?"

"Bado, Baba. Nahitaji mtu wa kutikisa usukani."

Hiki ni kipimo ambacho hakina gharama, na kama una gari lenye ekseli nzima mbele, nakuomba ukifanye kabla ya kununua kitu chochote. Gari likae chini kwa magurudumu yake, injini inguruma ili pawa stelingi ifanye kazi, breki ya mkono juu, magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe. Mtu mmoja atikise usukani kushoto na kulia, kidogo kidogo, bila kukoma. Mwingine alale pembeni, mahali ambapo gari likisogea halitamkanyaga, ashike kiungo kimoja kimoja kwa mkono. Kiungo kizima husogea pamoja na jirani yake. Kilichokufa, upande mmoja unatangulia na mwingine unafuata, na vidole vinasikia.

Baba akapanda, akatikisa. Nikaanza kwenye boksi: bolti zake za chasisi imara, uchezaji ndani kidogo. Boljointi ya kwanza nzima. Ya pili ilikuwa inaruka ndani ya kikombe chake kama jino bovu. Bushi za rodi ya Panhard zilikuwa zimeliwa mpaka naona mwanga. Rodi ndefu iliyo nyuma ya ekseli, inayounganisha magurudumu mawili, ilikuwa imepinda katikati, jiwe la zamani.

"Hiyo ilipinda 2014," baba alisema kutoka juu nilipomwambia. "Laisamis. Nilijua."

"Na hukubadilisha?"

"Ilikuwa inaenda."

Na kweli ilikuwa inaenda. Gari lilikuwa na ugonjwa mdogo ambao urefu wake wa kiwandani ulikuwa unausamehe. Mimi nikaondoa msamaha.

Fundi wa Isiolo ambaye baba anamwamini ni mzee wa Land Rover tangu enzi za Series. Alikuja jioni na boksi la spana na kitu ambacho sikukitarajia: mizani ya springi, ile ya ndoano, ya kupimia nyama. Alitenganisha rodi kwenye magurudumu, akaning'iniza ndoano kwenye mkono wa gurudumu, akavuta polepole akisoma ni kilo ngapi zinahitajika mpaka gurudumu lianze kugeuka. Upande wa kulia halikuhitaji hata kitu. Ndani ya ile tufe kubwa inayogeuza gurudumu la Defender kuna pini, na pini hiyo inatakiwa kubanwa kiasi. Ikilegea, gurudumu linakosa wa kulizuia lisipepee. Akafungua juu, akatoa vipande vyembamba vya bati vilivyo chini ya pini, akapima tena, akatoa kingine, akapima.

"Hii ndiyo dampa ya kwanza," akasema. "Ile ingine ya duka ni Panadol."

Nikamuuliza angefanya nini na gari hili lote.

"Mimi? Ningeteremsha. Rudisha springi za kawaida, matairi ya kawaida, viungo vipya, kwisha."

Hapo ndipo nilipolazimika kusema mbele yao wote wawili kwamba springi za kawaida nimeziuza. Fundi akaangalia pembeni. Baba akakuna kidevu.

"Ziliuzwa ngapi?"

"Elfu sita."

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea. "Urefu wenyewe si mbaya. Mwezi wa tatu kule lugani hatukukwama, na zamani tungekwama. Kama inaweza kuwa refu na isiniue, iache."

Kwa hivyo haya ndiyo tuliyochagua, kwa mpangilio wa umuhimu na wala si wa mng'aro.

Kwanza kasta. Kulikuwa na njia mbili: bushi zenye tundu lisilo katikati, au mikono mipya ya ekseli iliyotengenezwa kurudisha nyuzi tatu. Bushi ni nafuu, lakini zikiingizwa kwa presi zikiwa zimegeuka kidogo tu, faida inapotea, na presi ya karibu nasi ina mambo yake. Nikapata mikono Nairobi kwa mtu aliyeinunua akaacha mradi, elfu thelathini na nane. Ina ubaya wake: ukirudisha kasta, pua ya difu ya mbele inainama, na propela inayotoka gia boksi inakutana nayo kwa pembe mbaya zaidi. Defender huzungusha propela ya mbele wakati wote, si kama magari ya kuchagua foo-wili. Kwa hivyo tulijua tunaondoa kelele moja na pengine kuleta nyingine.

Pili, rodi mbili mpya za bomba nene na boljointi zake, elfu ishirini na nne. Sikuchagua zile nene kuliko zote. Chuma kisichopinda kabisa hupeleka pigo la jiwe mbele kwenye boksi na kwenye mikono ya magurudumu, na rodi iliyopinda huwa nafuu kuliko boksi iliyopasuka.

Tatu, rodi ya Panhard inayorefushwa na kufupishwa, elfu kumi na moja, bushi mpya ndani. Gari likipanda, rodi hii huvuta ekseli pembeni milimita kadhaa. Hii inairudisha katikati.

Nne, fundi akakaza skrubu ya juu ya boksi, kidogo sana, akijaribu kila mara kama usukani haukwami katikati. Tano, alaimenti na kusawazisha matairi. Mwisho kabisa, dampa. Ya kawaida, si ile nyekundu.

Pamoja na kazi ya fundi, nilibakiwa na shilingi mia nane.

Baba hakujua pesa zile zilikuwa za nini, mpaka dada alipomwambia. Dada alijua kwa sababu aliona kalenda kwenye simu yangu, tarehe ya mwisho ya kuomba kurejeshwa imeandikwa kwa herufi kubwa. Siku ya kujaribu gari, tukiwa wawili tu, tukielekea Archer's Post, baba alisema, macho yake barabarani, "Ungeniambia."

"Ungekataa nisizitumie."

"Ningekataa."

Tukavuka daraja la Ewaso Ng'iro. Akapandisha mpaka sabini, themanini, themanini na tano. Palikuwa na ukingo wa lami kama ule wa siku ile, nami nilishika mlango. Tukaupiga. Usukani ukashtuka mara moja, ukatulia. Kona moja ndefu mbele yake, akaikata, kisha akalegeza vidole, na usukani ukajirudisha katikati polepole, wenyewe. Hakusema kitu. Alirudia kwenye kona iliyofuata, na nyingine, kama mtoto na swichi ya taa.

Kwenye sabini na kitu kulikuwa na mngurumo mwembamba chini ya miguu yetu. Propela. Sote tuliusikia.

Ni miezi minne sasa. Baada ya kila safari baba hunitumia pesa kwa M-Pesa, elfu nne, wakati mwingine elfu mbili, bila ujumbe. Mara ya kwanza nilimpigia nikamwambia gari niliharibu mimi, hanidai na simdai. Akasema sawa. Wiki iliyofuata akatuma tena. Siziguzi. Nimefikisha elfu ishirini na sita, na tarehe nyingine ya kuomba kurejeshwa inakuja Januari. Sijaamua. Kuandikia watu insha kumepungua sana siku hizi, kompyuta zinawaandikia bure, na kuna usiku nafungua ile michoro yangu ya mwaka wa tatu nakuta bado naielewa, hata kuliko zamani.

Jana alinipigia. Mngurumo umeongezeka kidogo, anasema, unaanza sasa sitini na nane. Nikamweleza juu ya joka la propela lenye uwazi mpana zaidi, linaloweza kufanya kazi kwa pembe ile bila kulalamika, na kwamba nitamtafutia bei.

"Usinunue kitu," akasema. "Kuja kwanza uisikilize."